Sanda ya Bibi na Cheni Iliyobana Upande Mmoja

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye kijiweni Katubuka ananiuliza ilikuwaje, nami najibu nusunusu, kwa sababu kuna mtu wa tatu anasikiliza au kuna mpira unaendelea. Sasa nimekaa niandike yote mara moja, kwa ajili yenu mliouliza kwa moyo. Mkiona nimeeleza sana habari za cheni ya baiskeli, nivumilieni. Siku ile karibu nzima sikutazama kitu kingine.

Rusimbi hadi Ujiji

Simu ya Mama iliingia nikiwa bado kwenye mkeka baada ya swala ya alfajiri. Mama alikuwa kijijini kwa Bibi, mbele ya Ilagala, ufukweni, akimuuguza. Mimi nilikuwa nimebaki Rusimbi kulinda nyumba na kusubiri majibu ya usaili wa kazi ambayo hayakuwa yakija.

"Bibi ametutoka," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililonitisha. "Fungua sanduku langu. Sanda yake iko chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni. Ilete. Shehe amekubali tusubiri mpaka alasiri. Zaidi ya hapo hawezi."

Wengine wenu hamjui habari ya sanda hiyo. Bibi aliinunua mwenyewe miaka mingi iliyopita kwa fedha ya mawese aliyokamua kwa mikono yake. Vipande vitano, kama inavyotakiwa kwa mwanamke, vimekatwa tayari. Alisema hataki kuvikwa nguo ya kuombaomba. Ziwa lilipopanda na kuingia katika nyumba yake ya zamani, akahamia juu kwenye mteremko, lakini sanda akaileta kwetu isije ikalowa. Kila alipokuja kututembelea aliitoa, akaianika kivulini, akainyunyizia marashi, akairudisha. Sisi watoto tulikatazwa kucheka.

Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa nyepesi kuieleza: nifike na sanda kabla ya alasiri, Bibi azikwe ndani ya nguo yake. Nikichelewa, atazikwa ndani ya nguo nyingine.

Wiki ile petroli ilikuwa imeadimika mjini, bodaboda zimelala vibarazani kama mbuzi wagonjwa. Nikampigia mtu wa maboti. Akasema ziwa limechafuka na yeye ana watoto. Nikakaa kitandani nikafikiria njia zote, kisha nikafikiria ubaya wa kila njia, mpaka nikagundua kwamba kufikiria kwenyewe kunakula muda. Nikaifunga sanda kifuani kwa khanga ya Mama, chini ya koti la mvua, nikatembea kwa haraka hadi Ujiji kwa Shabani, anayesomba mawese kwa baiskeli kutoka Simbo.

Shabani hakuwepo. Mkewe, Mama Zuhura, alikwisha sikia msiba. Akanipa pole, akanitolea baiskeli uani, na spana moja akaifunga kwenye keria kwa mpira.

"Ila mwanangu," akasema, "cheni yake ina roho mbili. Mwenyewe ameizoea."

"Roho mbili vipi, mama?"

"Mara inabana, mara inalegea. Tangu ilipoanguka na madumu ya mafuta. Utaiona njiani."

Ningemwuliza zaidi, lakini niliogopa akidhani naikosoa baiskeli ya mumewe ataichukua. Nikapanda.

Bonde la Luiche

Niliiona mapema. Kwenye barabara ngumu haikuwa na neno, isipokuwa mguu ulihisi kitu fulani kila mzunguko, kama mtu anayekuvuta shati kidogo na kukuachia. Tulipoingia bondeni, kwenye mashimo kati ya mashamba ya mpunga, cheni ikaanguka. Nikairudisha. Ikaanguka tena. Mara ya tatu iling'ata mguu wa suruali na nikaenda chini pamoja nayo, mkono mmoja mbele, mwingine ukikumbatia kifua ili sanda isiguse tope.

Nikaiegemeza kwenye tuta, nikainua gurudumu la nyuma, nikazungusha pedeli kwa mkono. Pedeli ya kulia ikiwa juu, cheni ilining'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Ikiwa chini, ilikaza mpaka ukiigonga kwa kidole inalia. Nikarudia na kurudia, nikitarajia itabadili tabia. Haikubadili.

Mtu mmoja alipita na jembe begani, akasimama.

"Imekufa?"

"Bado."

"Basi panda."

Akaenda zake.

Nilijiambia jambo lililoonekana la akili: cheni inaanguka kwa sababu imelegea, kwa hiyo niikaze pale inapolegea. Nikaiweka pedeli ya kulia juu, nikalegeza nati za gurudumu la nyuma, nikalivuta gurudumu nyuma mpaka ule uning'iniaji ukaisha, nikakaza. Nilijisifu kimoyomoyo. Kisha nikapanda, na pedeli ilipofika chini ikagoma. Nikakanyaga kwa nguvu. Ikapita kwa kukwaruza, na kutoka kwenye kranki, pale mikono ya pedeli inapozungukia, ukaja mlio wa kusaga meno. Kila mzunguko, mlio mmoja. Ningerudi kuilegeza ingeanguka. Nikiiacha, kitu fulani kitakatika. Nikachagua mlio. Nilipanda nao hadi Simbo, nikihesabu ndani ya kichwa vitu vinavyoweza kukatika na nisimalize.

Simbo

Fundi wa baiskeli yupo karibu na soko, chini ya bati. Mbele yangu kulikuwa na watu wawili: mmoja na pancha, mwingine na breki. Na hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo sijui nilieleze vipi. Sikusema nina msiba.

Mnajua kwetu ukisema "nina msiba," foleni inafunguka yenyewe. Hata mtu mwenye pancha angesogea. Lakini nilifikiri: hawa hawanijui, watadhani natumia maiti kupata nafasi. Nikafikiri pia kwamba nikilisema mbele ya wageni nitalia. Kwa hiyo nikasema "naomba unitazamie cheni," nikakaa kwenye benchi kama mtu aliyetoka matembezini.

Fundi alinitazama viatu.

"Mwanafunzi?"

"Nimemaliza."

"Umemaliza nini?"

"Chuo."

"Na kazi?"

"Bado."

"Basi hujamaliza," akasema, na wenye pancha na breki wakacheka.

Mama mmoja muuza chakula pembeni yake aliniita nisikae na njaa. Ugali wa muhogo, dagaa wa mawese. Nilijaribu kukataa, akaniwekea hivyohivyo. Nilipoinama kunawa, koti likafunguka na nailoni ikaonekana, na weupe ndani yake.

"Mashuka hayo unauzaje?"

"Si ya kuuza, mama."

"Ya harusi?"

Jamani, nilichoka. Kulikuwa na jibu fupi na jibu refu. Nikaitikia kwa kichwa.

"Wee," akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "kumbe tuna bwana harusi hapa. Na uso wote huo wa huzuni. Bibi harusi anakuogopesha, eeh?" Akaniongezea dagaa. Yule wa pancha akanishauri nisimzoeshe mke kulala mchana. Nikatafuna. Ule ugali nilikuwa naumeza kama udongo, na kila mtu alikuwa mwema kwangu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na sababu ya kuharakisha.

Zamu yangu ilipofika, fundi aliinua gurudumu, akabonyeza cheni kwa gumba mara moja, pedeli ikiwa juu. Safari yangu na tope vilikuwa vimekwisha legeza nati, na uning'iniaji ulikuwa umerudi.

"Cheni imerefuka," akasema. "Imezeeka. Tunapunguza."

Nilitaka kumwambia azungushe kwanza, aitazame na pale inapobana. Niliipanga sentensi hiyo vizuri, kwa heshima, na nilipokuwa nayo tayari alikwisha toa pini na kukata kipande. Akaunganisha. Ili ifike ilimbidi alisukume gurudumu mbele mpaka mwisho, halafu bado akaivuta kwa bisibisi. Kile kipande akanifungia kwenye karatasi.

"Harusi njema," akasema.

Kwenye michikichi

Ilikatika kwenye kilima cha kwanza baada ya Simbo, mahali ambapo michikichi inafunika barabara pande zote mbili. Haikutoa hata mlio mkubwa. Mguu wa kulia ulishuka ukakuta hakuna kitu, na cheni ikabaki nyuma yangu vumbini kama nyoka aliyekanyagwa.

Nikaiokota. Nikaanza kusukuma baiskeli kwa miguu. Juu kabisa ya kilima simu ikapata mtandao, nikasimama, na nikaandika ujumbe.

Nauweka hapa kama ulivyo, kwa kuwa bado ninao: "Mama, cheni imekatika, nipo mbele ya Simbo. Najitahidi. Lakini mkiona nachelewa, fanyeni mtakavyoona inafaa."

Niliuandika mara kadhaa kabla ya kuutuma. Wa kwanza ulisema "nisubirini." Nikaufuta. Akilini nilimwona shehe, mtu mzima, na watu wamekaa juani, na Mama katikati yao akilazimika kunitetea. Nikaona ni ubinafsi kuwashikilia watu wote kwa ajili yangu. Nikaweka maneno ya adabu. Ukaenda. Nikateremka upande wa pili wa kilima, na mtandao ukapotea.

Huko chini nikamkuta Ezekieli. Sikumjua jina wakati huo, nilimwona tu mtu wa makamo amekaa juu ya dumu tupu kando ya baiskeli yake, anakula muhogo.

"Mwakeye," akanisalimu kwa Kiha. Akaona mikono yangu. "Mbona unaisindikiza? Hiyo si ndiyo ingekubeba wewe?"

"Cheni imekatika."

"Unaenda wapi?"

Sijui kwa nini kwake ilitoka. Labda kwa sababu alikuwa peke yake. Nikamwambia: Bibi amefariki, sanda yake ninayo hapa kifuani, wanazika alasiri.

Akaacha kutafuna. "Na umekaa kimya na jambo kama hilo?" Akasimama, akafuta mikono kwenye suruali. "Ninyi Waislamu mna haraka na maiti. Kwetu tungekusubiri mpaka kesho na ng'ombe akachinjwa. Lete hiyo cheni."

Alikuwa na msumari mnene na nyundo isiyo na mpini. Tukaondoa pingili iliyopasuka, tukakirudisha kile kipande alichokikata fundi, yeye akigonga pini juu ya jiwe, mimi nikishikilia. Ikawa nzima tena, karibu urefu wake wa zamani.

"Haya, vuta gurudumu nyuma, kaza, panda," akasema.

"Nikikaza hivyo itabana na kukatika tena."

"Basi usikaze sana."

"Itaanguka."

Ezekieli akanitazama. "Umesoma nini huko chuo?"

"Takwimu."

"Basi hesabu upesi."

Tukaigeuza baiskeli matairi juu. Nikazungusha pedeli polepole, na kwa mara ya kwanza siku ile kule kufikiri kwangu kusikokoma kukapata kitu cha kushika. Kama cheni ingekuwa imerefuka, ingelegea kila mahali sawasawa. Hii ilibana pedeli ya kulia ikiwa upande mmoja tu, kila mara ile ile, na ikalegea upande wa pili. Kwa hiyo tatizo lilikuwa linazunguka pamoja na pedeli. Si cheni, na si gurudumu la nyuma, kwa maana gurudumu la nyuma linazunguka kwa kasi yake lenyewe. Ni gia kubwa ya mbele. Ilikuwa imehama. Katikati yake haikuwa tena katikati ya kranki.

"Ilianguka na madumu," nikasema.

"Nani?"

"Baiskeli. Mama Zuhura alisema. Ilipoanguka gia ilisukumwa upande."

"Sasa unaongea na mimi au na cheni?"

Nilimwomba mkaa, akaokota kijinga cha moto kilichozimika kando ya barabara. Nikazungusha mpaka pale cheni ilipokaza kabisa, nikapiga alama kwenye jino la gia lililokuwa mbele kabisa, mbali na gurudumu. Gia ile ilikuwa imefungwa kwenye mkono wa kranki kwa bolti tano. Nikazilegeza, si sana, kiasi cha gia kuweza kusogea ikilazimishwa. Ezekieli akaishika nyundo tayari.

"Nigonge wapi?"

"Cheni yenyewe. Hapo katikati, inapobana. Taratibu. Cheni itaivuta gia irudi."

"Nigonge cheni ili gia isogee."

"Ndiyo."

"Ego," akasema kwa Kiha, kwa sauti ya mtu anayemkubalia mgonjwa. Akagonga kidogo. Nikakaza bolti kidogo, nikazungusha. Bado inabana, ila si pale pale; mahali pa kubana palikuwa pamehama meno kadhaa. Nikafuta alama, nikapiga nyingine. Akagonga. Tukazungusha. Tulirudia hivyo, kila mara kubana kukipungua na kuhama, mpaka nilipozungusha mzunguko mzima na cheni ikakaa karibu sawa kote. Haikuwa sawa kabisa. Nilitaka tuendelee.

"Inatosha," akasema Ezekieli.

"Hapa bado kuna kidogo—"

"Inatosha. Bibi yako hasubiri gia."

Nikakaza bolti zote tano. Kisha, na hili mlishike wenye baiskeli za kubebea mizigo, nikaiweka pedeli pale ambapo cheni ilikuwa imebana kuliko kwingine kote, si pale ilipolegea, nikavuta gurudumu la nyuma mpaka pale palipobana pakabaki na ulegevu mdogo, upana wa kidole. Nikakaza nati. Ikibaki nafasi pale inapobana zaidi, haiwezi kubana popote. Kule bondeni nilikuwa nimefanya kinyume chake.

Nikapanda. Mguu ulizunguka kama kwenye mafuta. Ezekieli akafunga madumu yake. Kwao kulikuwa nyuma yetu, kule Simbo, lakini akageuza baiskeli akanifuata.

"Kivukoni hawakujui," akasema.

Malagarasi

Tulienda upesi. Barabara ni nyekundu, kisha matope meusi, kisha nyekundu tena, na muda wote nilikuwa nasikiliza kama kuna mlio. Hapakuwa na mlio. Nilikuwa na nafasi ya kuufikiria ujumbe wangu, na kadiri nilivyoufikiria ndivyo nilivyozidi kukanyaga. Kila kilima nilitoa simu. Hakuna mtandao.

Kivuko cha mto Malagarasi kilikuwa ng'ambo, kinapakia ng'ombe waliokataa kupanda. Upande wetu watu walikuwa wamekaa juu ya magunia ya muhogo, baiskeli kwa baiskeli. Nikaegemeza yangu mwisho wa foleni. Ezekieli hakuegemeza yake. Akaenda mpaka mbele, akasimama penye maji.

"Jamani, huyu ana msiba. Ana sanda ya bibi yake kifuani. Wanazika alasiri."

Hakuna aliyeuliza swali. Mwanamke mwenye beseni la samaki wa migebuka alivuta beseni lake kwa mguu, wanaume wawili wakainua gunia, na njia ikawa pale. Mzee mmoja akanishika bega nilipokuwa napita, akasema "Inna lillahi," akaniachia. Niliona aibu iliyochanganyika na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa kwangu. Njia ile ingeweza kufunguka Simbo pia.

Tulipokuwa tukisubiri kivuko, Ezekieli alinigawia muhogo uliobaki. Nikamwuliza kama anadhani watakuwa wamenisubiri.

"Walisema alasiri?"

"Walisema."

"Basi ni alasiri. Mbona unauliza?"

Sikumwambia habari ya ujumbe. Ng'ombe wakashuka, nikapanda, yeye akabaki ukingoni na madumu yake. Hatukupeana hata namba za simu. Aliinua mkono mara moja, akageuka.

Ufukweni

Kuanzia Ilagala mpaka kwa Bibi njia inafuata ziwa, na mahali pengine ziwa ndilo limeifuata njia. Kuna minazi imesimama ndani ya maji. Kuna kuta za nyumba, milango ikiwa wazi, mawimbi yanaingia na kutoka kama wenyewe. Upepo ulikuwa mbele yangu. Nilikanyaga nikiwa nimelala juu ya usukani, sanda inanigonga kifuani, na baiskeli haikunifanyia baya lolote. Sasa ningependa iwe imenifanyia, nipate cha kulaumu.

Kabla ya kuingia kijijini, barabara inapanda kidogo kando ya msikiti. Hapo niliona jeneza. Nikajiambia linapelekwa makaburini. Lakini lilikuwa limebebwa na watu wawili tu, mmoja mbele na mmoja nyuma, na walikuwa wanazungumza. Nyuma yao wanaume walikuwa wananawa udongo miguuni kwenye bomba. Nikateremka. Mmoja wao akanitambua, akafungua mdomo, na wakati huohuo muadhini akaanza. Ilikuwa adhana ya alasiri.

Nilisimama nikaisikiliza yote mpaka mwisho, nimeshika usukani.

Mama alikuwa chumbani kwa Bibi, juu kwenye mteremko, na wanawake wachache. Waliponiona wakatoka bila kuambiwa. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imenyooka.

"Umefika," akasema.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Pole na njia."

"Mlisema alasiri."

"Tulisema." Alikuwa anaviringisha ncha ya khanga kidoleni. "Ujumbe wako ulikuja watu wamekaa. Shehe akaniuliza, mjukuu anasemaje? Nikausoma. Akasema, basi mwenyewe ameruhusu, maiti asicheleweshwe bure. Tukazika baada ya adhuhuri. Nilikupigia hukupatikana."

"Nilimaanisha mnisubiri."

Akanitazama. Hakukuwa na ukali.

"Mbona hukuandika hivyo?"

"Sikutaka kuwalazimisha."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu.

"Kavikwa nini?" nikauliza.

"Nguo ya dukani hapa chini. Nyeupe. Nzuri tu." Kisha akaongeza: "Jana aliniuliza sanda yake iko wapi. Nikamwambia iko nyumbani, itakuja."

Nikaifungua khanga kifuani, nikauweka mfuko kati yetu. Nailoni ilikuwa na tope na alama nyeusi za vidole vyangu, ila ndani kulikuwa kweupe. Harufu ya marashi ikatoka. Nikataka kukitoa kitambaa, akanizuia.

"Kanawe kwanza."

Nikaenda uani, nikasugua kwa gwanji, sabuni ile nyeusi ya mawese aliyokuwa akiitengeneza Bibi. Kipande kilikuwa kimebaki juu ya jiwe, kimelika upande mmoja. Grisi ya cheni ilitoka mikononi lakini haikutoka kwenye kucha wala kwenye mistari ya viganja. Nikasugua mpaka ngozi ikauma. Niliporudi Mama aliikagua mikono yangu pande zote mbili, akanifunika viganja kwa khanga yake.

"Shika huko," akasema.

Alikuwa amekwisha kunjua kipande kirefu zaidi. Nikashika ncha moja kwa khanga. Yeye akasimama na nyingine, akaipandisha juu ya kichwa chake na kuishikilia hapo, akanyooka. Akatazama chini, kuona inafika wapi. Mama ni mrefu kuliko alivyokuwa Bibi.

"Inafika miguuni?" akauliza.

Nilitazama. Nilitamani kusema kitu chenye tahadhari, kitu kinachoweza kuwa ndiyo au hapana.

"Inafika," nikasema.

"Na inabaki ya kufunga?"

"Inabaki kidogo."

"Haya." Akaishusha, akaanza kuikunja kwa mikunjo ileile ya Bibi, nami nikisogea kumpelekea ncha yangu kila mkunjo, mpaka tukakaribiana. Akaichukua yote, akaitia mfukoni, akauweka mfuko chini ya mto wa kitanda cha Bibi ambacho sasa kilikuwa chake.

"Hii haisafiri tena," akasema. "Nenda kale. Wamekuwekea chakula."